Picha za maji kwa shata ndefu: shida iko wapi na inatoka wapi

Mtu anapanda mpaka maporomoko ya Materuni kule Moshi, au anashuka Coco Beach kabla jua halijatoka, anafunga filta nyeusi ya kupunguza mwanga, anaacha shata (mlango wa kamera unaopitisha mwanga) wazi sekunde 30, akifika nyumbani akifungua picha kwenye kompyuta haieleweki, ina ukungu, ina rangi ya ajabu, maji yamekuwa doa jeupe. Basi anaanza kusukuma slaida za Lightroom, ile programu ya kuediti picha, huku na huku. Hapo ndo muda unapotea, manake hujajua hata unatibu nini.

Mi nasema hivi, usianze kuangalia maji. Maji umeyaacha yatembee kwa makusudi kwa hiyo hayawezi kukupa jibu. Tafuta kitu ambacho hakikutakiwa kutembea, jiwe, nguzo ya gati, shina la mkoko, ukuta, vuta picha mpaka asilimia 100 uangalie hapo kwanza. Shida nyingi za hizi picha zinasomeka kwenye jiwe.

Jiwe lina kivuli cha pili

Kama kingo za jiwe zina mstari wa pili pembeni, au ukungu wake umelalia upande mmoja, kamera ilisogea. Ukungu wa fokasi hauna upande, unatawanyika sawa pande zote, kwa hiyo usichanganye hivi vitu viwili kwa sababu dawa zake hazifanani hata kidogo.

Baharini mshtakiwa wa kwanza ni mchanga. Wimbi likija linapita kwenye miguu ya tripodi, likirudi linaondoka na mchanga wa chini yake, tripodi inazama kidogo kidogo na we upo tu unahesabu sekunde, huoni kitu. Sekunde 30 zinapitisha mawimbi kadhaa, na kuzama milimita moja tu kunatosha. Cha kufanya ni kuzamisha miguu mwenyewe kabla bahari haijaizamisha: isukume chini huku unaizungusha mpaka ugonge pagumu, acha mawimbi mawili matatu yapite yaikalishe, rekebisha fremu tena, ndo upige. Ile nguzo ya katikati ya tripodi usiipandishe, bora upige picha ukiwa umeinama. Ukifika nyumbani sasa fungua miguu yote uioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uiache ikauke ikiwa wazi, manake chumvi ikikaa kwenye zile skrubu baada ya muda hazifungi tena vizuri na shida inakuwa ya kudumu.

Wa pili ni upepo, hasa msimu wa kusi, kuanzia mwezi wa nne au wa tano mpaka wa tisa, pwani yetu inapigwa kweli. Vua mkanda wa kamera kabisa, ule ukipeperuka unaivuta kamera nzima. Ukining'iniza begi kwenye tripodi lifanye liguse chini, begi linaloning'inia hewani linabembea na kutikisa zaidi ya upepo wenyewe.

Kidole nacho kinatikisa. Weka taima ya sekunde 2, au tumia rimoti. Kwa wenye kamera za kioo cha ndani, kile kioo kikinyanyuka kinagonga, na madhara yake yanaonekana zaidi kwenye shata za katikati, kuanzia 1/15 mpaka kama sekunde 1, kwenye dakika nzima mtikisiko wa mwanzoni ni sehemu ndogo sana ya picha, hauonekani. Kwa hiyo kama picha zako za sekunde 60 ni safi ila za nusu sekunde zina kivuli, ushajua wa kumkamata ni nani, washa ile setingi ya kunyanyua kioo mapema. Na kile kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi au kamera kizime ukiwa kwenye tripodi, zipo lenzi mpya zinazojitambua zenyewe lakini kuzima hakukugharimu chochote.

Kwenye maporomoko angalia pia umesimama wapi. Kidaraja cha mbao chenye wageni wanapita kinatikisika hata kama miguu yako wewe imetulia. Shuka kwenye mwamba.

Kuna hali moja inawachanganya wengi: jiwe juu ni kali, linaonekana hata nyufa, ila chini limeyeyuka kama moshi. Hiyo siyo kosa. Maji yalikuwa yanalifunika na kuliachia wakati shata iko wazi, kwa hiyo sehemu ya chini imechanganyika na povu. Ukiipenda iache, na mi naipenda sana, usipoipenda subiri maji yatoke zaidi au fupisha shata upige katikati ya mawimbi mawili.

Hapo lazima niseme kuhusu bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa Dar, Unguja na Mombasa inapita mita 3. Yanachukua kama saa sita kutoka kupwa mpaka kujaa na yanapanda kwa kasi zaidi katikati ya huo muda, we uko kwenye jiwe umeangalia skrini, nyuma yako njia imeshafungwa. Angalia jedwali la maji kabla hujatoka nyumbani, au muulize mvuvi yeyote pale ufukweni. Kwenye maporomoko nako mvua ikinyesha juu mlimani mto unaweza kujaa ghafla hata kama ulipo wewe kuna jua, maji yakianza kubadilika rangi kusanya vitu uondoke.

Jiwe halijasogea, ila halina ukali

Ukungu wa pande zote. Kwanza fokasi. Filta ya stopu 10 (stopu ni kipimo cha mwanga, kila moja inaukata nusu) inapitisha mwanga sehemu moja tu kati ya elfu, kamera inahangaika mbele nyuma halafu inakwama popote. Utaratibu ni huu: panga fremu bila filta, weka fokasi kwenye jiwe lako, badilisha lenzi iwe fokasi ya mkono, ndo ufunge filta taratibu bila kugusa ringi. Na kama lenzi yako ni ya kuvuta na umeiinamisha chini kwenye maji, iangalie, nyingine zinateleza zenyewe kwa uzito, kipande cha selotepu kinamaliza hiyo habari.

Pili, f/22, yaani tundu la lenzi (apacha) limefungwa sana, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Najua inavutia kwa sababu inakurefushia shata bure, ila tundu likiwa dogo hivyo mwanga unapinda kwenye kingo zake na picha nzima inalainika, hata jiwe ulilolifokasi vizuri. Baki f/8 mpaka f/11, ukihitaji muda zaidi ongeza filta, usiongeze namba ya apacha.

Tatu, ukungu wa kweli kabisa. Umelala chumba chenye AC, umetoka saa kumi na moja alfajiri kwenye joto na unyevu wa pwani, umetoa kamera hapohapo, kioo kimetoa jasho. Dalili yake ni rahisi: picha za mwanzo zina weupe weupe katikati na taa zinang'aa na duara, halafu kadiri unavyoendelea zinajisafisha zenyewe. Kufuta hakusaidii, inarudi. Acha begi lililofungwa nje ya AC nusu saa kabla, au lala nalo sebuleni ambako hakuna AC.

Nne, rasharasha. Matone ukipiga kuelekea kwenye mwanga yanatoka kama miviringo mikubwa laini. Kwenye maporomoko funika lenzi na kitambaa mpaka sekunde ya mwisho, toa, piga, funika tena. Baharini matone yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi ukiisugua na kitambaa kikavu inakwaruza filta, kwa hiyo ilainishe kwanza na maji safi.

Maji yamekuwa meupe tupu

Hapa kuna magonjwa mawili yanayofanana sura. Fungua histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia. Kama imegonga ukuta wa kulia, mwanga ulizidi, na kwa JPEG hiyo sehemu imeshakufa, kwa RAW (faili ghafi la kamera) unaweza kuokoa kidogo. Kama haijagonga ukuta lakini maji bado ni bapa kama karatasi, mwanga uko sawa, ni muda ndo umezidi. Mistari ya maji yote imejumlishwa mpaka imefutana.

Watu wengi wanachagua muda kwa kuangalia filta waliyonayo, na hapo ndo kosa linaanzia. Muda unachaguliwa na maji yenyewe. Maporomoko yanayoanguka kwa nguvu yanahitaji robo sekunde mpaka sekunde 1 hivi, hapo unapata nyuzi nyuzi za hariri na bado unaona maji yana uzito, ukienda sekunde 10 unapata pazia jeupe. Kijito cha polepole kinaweza kwenda sekunde 2 au 4. Wimbi linalorudi baharini kwenye mawe, theluthi ya sekunde mpaka sekunde 1, bonyeza pale linapoanza kurudi sio linapokuja, ile michirizi inavutwa kuelekea baharini na inampeleka mtazamaji nayo. Ukitaka bahari iwe ukungu kabisa nenda sekunde 30 mpaka dakika kadhaa. Ila ile katikati ya sekunde 3 mpaka 10 kwenye mawimbi mi huwa naiona haina msimamo, siyo mchirizi siyo ukungu, jaribu mwenyewe uone.

Sasa hesabu. Kila stopu moja inagawa mwanga kwa mbili. Stopu 3 ni mara 8, stopu 6 ni mara 64, stopu 10 ni mara 1,000 na kidogo. Angalia maandishi kwenye filta maana yanachanganya, ND ndo jina la hizi filta nyeusi, ND8 ni stopu 3 siyo 8, na ile iliyoandikwa 3.0 ni stopu 10, ni sawasawa na ND1000. Jua la mchana saa saba, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, f/11, kamera inataka kama 1/200. Filta ya stopu 10 inakupeleka sekunde 5 tu, ya stopu 6 inakupa theluthi ya sekunde. Kwa hiyo kwa wimbi linalorudi mchana hiyo ya stopu 6 inatosha kabisa na ile ya 10 ni kubwa mno, ila kwa bahari ya ukungu hata ya 10 haifiki, itabidi usubiri jioni au uongeze filta nyingine.

Kwa maporomoko tafuta mawingu. Jua kali kwenye povu jeupe pembeni ya mwamba mweusi uliolowa ni tofauti ambayo kamera haiwezi kuibeba yote, pima mwanga wa ile sehemu nyeupe, giza la mwamba utalinyanyua baadae. Na filta ya polaraiza ifunge hata siku ya mawingu, zungusha huku unaangalia jiwe, ule mng'ao wa maji juu ya jiwe ukiondoka rangi yake ya kweli inatokea na majani yanakuwa ya kijani hasa, juu ya hapo inakukatia stopu moja na nusu hadi mbili. Ni filta ambayo ukiwa kwenye editi huwezi kuiiga.

Maji yakiwa ya kahawia kipindi cha masika hakuna setingi itakayoyafanya hariri nyeupe, ni tope hilo. Rudi mvua zikitulia, au yapige kama yalivyo, mto uliojaa tope una nguvu yake.

Picha imetoka giza wakati hesabu ilikuwa sawa

Mafunzo mengi ya shata ndefu yametoka Ulaya na Marekani, kule machweo yanavutika taratibu una muda wa kunywa hata chai. Huku kwetu karibu na ikweta jua linashuka wima, likizama una kama dakika 20 na kidogo mpaka giza. Ukipima mwanga ukapata dakika 4, mpaka hizo 4 ziishe mwanga ulioupima haupo tena, picha inatoka na upungufu wa nusu stopu au zaidi. Jioni ongeza nusu ya muda juu ya hesabu, au anza mapema, au pandisha ISO iwe 200 ukate muda. Alfajiri ni kinyume, mwanga unaongezeka shata ikiwa wazi, kwa hiyo punguza.

Na kumbuka Dar na Mombasa bahari iko mashariki, kwa hiyo jua kuchomoza juu ya maji ni asubuhi. Ukitaka jua lizame baharini nenda Forodhani, Mji Mkongwe umekaa upande wa magharibi wa Unguja.

Kama kamera inakataa kuvuka sekunde 30 siyo mbovu, weka modi ya B ushikilie shata na rimoti inayofunga.

Rangi na alama za ajabu

Picha nzima ya bluu au ya kahawia nyekundu: filta. Za bei rahisi karibu zote zina rangi yake, na zile nzito zinaachia mwanga usioonekana kwa macho ambao sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha) inausoma kama wekundu, hasa kwenye sehemu za giza. Piga RAW, halafu piga moja bila filta eneo lilelile, nyumbani utaitumia kama kipimo cha rangi.

Ya kijani kibichi: umetumia kioo cha kuchomelea. Inafanya kazi kweli, ni bei ya chini, namba 8 inakata karibu stopu 10 na namba 10 karibu 13, ila ile kijani haiondoki yote kwa sababu nyekundu na bluu zimefika chache mno kwenye sensa. Jibu lake zuri ni kugeuza picha iwe nyeusi na nyeupe, na maji ya shata ndefu yanapendeza sana hivyo.

Msalaba mweusi angani: filta ya ND ya kuzungusha, ile inayobadilisha giza lake, imefika mwisho wake kwenye lenzi pana, irudishe nyuma kidogo. Pembe nyeusi: filta zimepangwa juu ya nyingine, vuta lenzi kidogo au punguza moja. Mchirizi wa zambarau au mwanga ulioingia katikati: kwenye kamera za kioo mwanga umepitia kwenye lile dirisha la kuchungulia nyuma, lizibe kwa kitambaa cheusi kabla hujabonyeza.

Vidoti navyo vina aina zake. Vidogo vikali vyekundu, bluu au vyeupe vinavyokaa palepale kila picha ndefu, hiyo ni sensa imepata joto. Doa la kijivu laini angani ni vumbi kwenye sensa, linaonekana ukifunga apacha sana. Kwa vile vya joto kuna setingi ya kupunguza chembechembe za shata ndefu, kamera inapiga picha ya pili gizani kwa muda uleule halafu inatoa vidoti vyake kwenye ile ya kwanza, kwa hiyo picha ya dakika 4 inakula 8. Machweo ya dakika 20 hayaruhusu hiyo. Mi naizima, mwishoni nafunika lenzi napiga moja ya giza muda uleule na ISO ileile, nyumbani naitoa kwenye zile nyingine. Na usiiache kamera juani ukisubiri.

Ngalawa na majani

Ngalawa iliyofungwa nanga inayumba tu, hakuna tripodi itakayoituliza. Kuna njia mbili. Ya kwanza nzuri zaidi ni kuifuata maji yakipwa, kule Paje na Jambiani maji yanaenda mbali sana, ngalawa inakaa juu ya mchanga na bado kuna maji membamba pembeni yake yanatembea. Ya pili ni kupiga mbili bila kugusa tripodi, moja ndefu ya maji, moja fupi yenye ISO ya juu ya chombo, halafu unaziunganisha kwa maski, yaani unachagua sehemu gani ionekane kutoka picha ipi. Majani yanayopeperushwa na upepo pembeni ya maporomoko yanatibiwa hivyohivyo.

Wako wanaosema kuunganisha ni udanganyifu. Mpiga picha Mfaransa Gustave Le Gray miaka ya 1850 alikuwa anaunganisha negativu mbili, moja ya bahari moja ya mbingu, kwa sababu vifaa vya wakati ule havikuweza kubeba mwanga wa vyote pamoja. Shida aliyokuwa nayo ndo hii ya kwetu na dawa ni ileile.

Mwenye simu

Apacha ya simu nyingi haifungi, ukiwa na f/1.8 na ISO 50 jua la mchana linataka kama 1/4000, kufika sekunde 1 unahitaji stopu 12. Ndo maana ukiweka modi ya Pro sekunde 1 mchana inatoka nyeupe yote, simu haina ubovu. Kwa iPhone, tangu iOS 11 ya 2017, piga Live Photo halafu uigeuze kuwa Long Exposure, simu ikae kwenye kitu kigumu. Kwa Android piga picha nyingi mfululizo, 16 au zaidi, simu imefungwa kwenye stendi, halafu zijumlishe kwenye kompyuta. Kwa GIMP, ambayo ni bure, ziweke leya juu ya leya, ya chini kabisa asilimia 100, inayofuata 50, halafu 33, halafu 25, unagawa 100 kwa namba ya leya. Unapata maji laini, na chembechembe kwa picha 16 zinashuka mpaka robo. Njia hii inafaa hata kwa mwenye kamera kubwa asiye na filta.

Editi inapoharibu picha iliyokuwa nzima

Kama picha ilikuwa laini na sasa maji yanaonekana machafu yenye chembe, umepandisha Clarity au Dehaze kwenye picha nzima. Zile slaida zinatafuta tofauti ndogondogo na kuzikuza, na we umetumia dakika nzima kuziondoa. Weka maski, ukali uende kwenye mawe peke yake, kwenye maji unaweza hata kushusha Clarity kidogo. Mizani ya rangi iweke kwanza kabla ya kitu kingine chochote, tena ipime kwenye jiwe la kijivu au kwenye ile picha ya bila filta, usipime kwenye povu, povu linabeba rangi ya mbingu.

Mistari ya ngazi kwenye mbingu au kwenye maji ya ukungu, pale rangi inapotakiwa kushuka taratibu, inatokea ukiediti JPEG. Fanya kazi kwenye RAW au faili la biti 16, na mwisho ongeza chembe kidogo sana za filamu, zinavunja ile mistari. Kama faili lako ni safi ila mteja analalamika kuhusu mistari, muulize amelipokea vipi. WhatsApp ikituma kama picha inalibana, na sehemu laini kama hizi ndo zinaumia kwanza. Litume kama dokyumenti.